Mwenye Funguo za Nyumba za Likizo

Mtunza nyumba si msemaji. Simu ikilia hutoka nje kwanza, akaitazama bahari, ndipo hupokea, maana wenye nyumba za likizo huuliza jambo lile lile: kuna jua? Huwajibu kama kulivyo, huku kidole gumba kikisugua kutu kwenye funguo, kwani chumvi ya pwani haina adabu. Kila asubuhi hufungua madirisha ya nyumba sita, kisha hupumzika kizingitini. Kwenye viti vyao hakai.

Leo kapiga bibi wa nyumba ya kona, ambaye likizo zake mbili zilizopita ziliishia kwenye mvua. “Baba, nikinyeshewa tena nauza. Sema kweli, kukoje huko?” Nyumba ile mtunza ameipaka rangi mara tisa, na mnunuzi mpya huja na mtunza wake mwenyewe. Mvua ilikuwa ikipiga mabati kwa fujo. Angeweza kujifungia chumba cha ndani isisikike, lakini alibaki barazani. “Inanyesha, mama, tangu alfajiri. Ila nimezunguka vyumba vyote, hakuna hata tone lililopenya.” Kisha bibi akaangua kicheko. “Wewe na paa lako! Haya, nitandikie kitanda cha dirishani. Nakuja kulala mchana.”