Ayub Aliyeipa Runinga Mgongo

Kaloleni nzima hapa Voi yajua kwamba Ayub Mbaruk huangalia runinga kwa kuipa mgongo. Watu wengine huketi mbele ya runinga na bakuli la karanga, wakacheka na kulia pamoja na watu wa mle ndani. Ayub huvuta kiti hadi ukutani, akageukia huko, laptopu mapajani. Waya mweusi hushuka kutoka antena ya juu ya paa, ukapita dirishani, ukaishia kwenye kidude kama kidole gumba kilichochomekwa ubavuni mwa laptopu. Runinga inapiga kelele nyuma yake. Yeye anasoma.

"Asoma nini?" wageni huuliza.

"Asoma matumbo ya runinga," hujibu Saadiya, mkewe, bila kuinua macho kwenye ungo. "Wenzake waangalia uso, yeye apenda matumbo."

Ayub ni fundi wa antena, na ni fundi mzuri, Mungu amzidishie. Amepanda mapaa ya Werugha yenye ukungu hata haoni mkono wake mwenyewe, na amefika Kishushe kwa pikipiki kwenye njia ambayo mbuzi huifikiria mara mbili. Antena aliyoifunga Ayub haigeuzwi na upepo. Tabu yake ni moja: akimaliza kufunga haondoki. Huketi, hunywa chai, halafu huanza kueleza.

"Mawimbi hayaleti stesheni moja moja," husema. "Yaja pamoja, kama lori la mboga litokalo Werugha. Ndani mna kabichi za huyu, karoti za yule, dania ya mwingine, lori ni moja. Sasa likifika sokoni hapa Voi, utajuaje gunia ni la nani? Kila gunia lina kibandiko. Kazi ya king'amuzi ni kusoma vibandiko: jina la stesheni, jina la kipindi, chaanza saa ngapi, chasemwa kwa lugha gani. Wewe waona picha tu, lakini picha imefika kwa sababu ya maneno."

Ni kweli, na kwa mara ya kwanza yanapendeza. Ni kuanzia mara ya kumi ndipo Ndambuki, jirani yake muuza nyama, alipoanza kwenda kazini kwa njia ya nyuma.

Maneno hayo yaendayo na picha ndiyo yaliyomteka Ayub. Alijifunza kwa video, akakosea, akafuta, akaanza tena, mpaka akaandika programu yake mwenyewe. Programu hiyo huyapokea mawimbi, huyapeta kama mchele. Maneno huyaweka kwenye skrini, picha huzitupa.

"Wazitupa?" Ndambuki aliuliza siku ile ya kwanza. "Yaani mtani, unapewa ng'ombe mzima, unachukua kengele ya shingoni, ng'ombe unatupa?"

"Picha ni nzito. Zikikaa, laptopu hujaa hata adhuhuri haijafika. Maneno hayana uzito."

"Ndio maana wewe unayo mengi."

Basi Ayub akawa mkaguzi asiyeajiriwa na mtu. Stesheni ikiandika kipindi cha watoto na huku yaonyesha mieleka, yeye huguna kama aliyeibiwa. Kule Kishushe wachimba madini walikuwa wameketi wakiangalia filamu, imefika pale pabaya, jambazi ameshika kisu, Ayub akawafungulia ukurasa wa maelezo mbele ya picha ili awaonyeshe kwamba mwaka wa filamu umekosewa. Alirudi nyumbani mapema siku hiyo. Hakusema kwa nini.

Sasa, mwaka huu kulikuwa na maonyesho ya akina mama mjini, na stesheni moja ndogo ya pwani ikaja na kamera zake. Saadiya alikuwa amepika mkate wa sinia, ule wa mchele na tui, moto juu na moto chini. Wakaonja, wakatazamana, wakamwambia aupike tena mbele ya kamera. Wakamwambia atatoka Jumamosi. Saa je? Wakasema, "Mtaona kwenye ratiba."

Saadiya ni mtu wa kutulia, lakini siku hiyo alirudi nyumbani karibu anakimbia. Si kwa ajili ya majirani. Ni kwa ajili ya mamake, Bi Zubeida wa Taveta, mpishi wa harusi zaidi ya miaka arobaini, ambaye hajapata kuusifu mkate wa binti yake hata siku moja. Akiula husema, "Waliwa." Basi, hapo amemaliza. Saadiya ana wajukuu, na bado alitamani mamake aseme neno lingine.

"Nitamwita mama aje Jumamosi," akamwambia mumewe. "Nataka awepo. Lakini saa, Baba Fawaz! Nisije nikamleta mzee wa watu toka Taveta bure."

Ayub alijinyoosha kitini kama mtu aliyengoja swali hilo tangu azaliwe. "Saa niachie mimi."

Programu ikapeta, ikasoma, ikatoa jibu: *Mapishi ya Nyumbani*, Jumamosi, saa kumi na nusu jioni. Ayub akamwonyesha kwa kidole. "Limeandikwa. Na lililoandikwa ndilo."

Bi Zubeida akaja na basi, na kikapu cha ndizi, na fimbo yake. Macho yake yana ukungu siku hizi. Humtambua mtu kwa mwendo na chungu kwa harufu. Akaambiwa atawekewa kiti cha mbele. Akasema chochote chatosha.

Jumamosi asubuhi Saadiya alikuwa jikoni tangu alfajiri, kwa sababu wageni hawawezi kuangalia mkate kwa macho makavu. Watu wote wa nyumba walikuwa huko nyuma wakikuna nazi, runinga imezimwa. Ayub peke yake alikuwa sebuleni, amegeukia ukuta, programu imewaka, akiilinda ile stesheni kama kuku na mayai.

"Baba Fawaz, niletee makaa!" Saadiya akaita.

"Naja."

Hakuja. Ilikuwa yapata saa nne, na kwenye skrini lilikuwa limetokea jambo la kumuudhi. Mahali pa jina la kipindi palikuwa pameandikwa: *Hakuna maelezo.* Akatikisa kichwa. "Watu hawa! Mtu atoa gunia sokoni bila kibandiko! Nani atajua ndani mna nini?" Akaendelea kutikisa kichwa nusu saa nzima, mpaka maelezo yakarudi. Makaa aliyaleta Bi Zubeida, kwa kupapasa.

Jioni sebule ilijaa. Ndambuki alikuja na shati la Krismasi. Ayub mwenyewe akawasha runinga, akatoa hotuba fupi juu ya vibandiko, watu wakasema amina ili amalize. Ilipofika saa kumi na nusu, wanaume wawili wenye vifua vya mafuta wakatokea, mmoja akamwinua mwenzake na kumbwaga chini.

"Shemeji," Ndambuki akasema taratibu, "wewe ni yupi?"

Watu wakacheka mpaka kiti kikalia. Saadiya naye alicheka, ila kicheko chake kilikuwa cha mdomoni tu. Ayub akasema labda wamechelewa kidogo. Wakangoja. Mieleka ikaendelea.

Simu ya Saadiya ikalia. Ni Risper, rafiki yake mwenye hoteli karibu na stendi, na sauti yake haikuhitaji spika. "Saadiya! Nimekuona asubuhi, dada yangu! Na hiyo leso yako! Nilikuwa na wateja sikuweza kupiga. Umependeza, wateja waliuliza kama huo mkate uko!"

"Asubuhi saa ngapi?"

"Saa nne hivi."

Ayub akaigeukia laptopu. Saa nne. Hakuna maelezo. Nusu saa nzima mkewe alikuwa amepita ndani ya laptopu iliyo mapajani mwake, na yeye akitikisa kichwa.

"Ngojeni," Ndambuki akasema, macho yamempanuka. "Mtani, mashine yako ilikuwa imewaka hiyo saa. Si uko nayo ndani? Tuonyeshe!"

Watu wakashangilia. Saadiya akamgeukia mumewe, na uso wake ukawa wa msichana.

"Programu... picha huitupa," Ayub akasema.

Hakuna aliyecheka, hata Ndambuki. Saadiya alikunja leso yake vizuri, pembe kwa pembe. Akasema pole pole, "Haidhuru." Wallahi, heri angemrushia mwiko.

Ayub akapiga simu kwa stesheni. Ikalia mpaka ikachoka. Bi Zubeida alikuwa arudi Taveta kesho yake asubuhi. Ayub akainama juu ya laptopu yake, akawa atafuta asichokijua, kama mtu aliyepoteza pete mchangani. Kisha akasimama ghafla, karibu aiangushe.

"Sauti!"

"Sauti gani?" Saadiya akauliza.

"Sauti sikutupa! Hawa watu wameandika lugha yao ni Kifaransa. Wiki nzima! Nikaweka sauti yao kando, niwapelekee ushahidi kuwa ni Kiswahili." Akamtazama mkewe. "Lakini ni sauti tu, Mama Fawaz. Hutaonekana."

Bi Zubeida akagonga fimbo sakafuni. "Na mimi hiyo picha ningeifanya nini, mwanangu? Nipigie sauti."

Ndambuki akaizima mieleka. Laptopu ikakwaruza, kisha sebule ikajaa sauti ya Saadiya, nyembamba kidogo kwa haya, ikisema *bismillahi*, ikieleza mchele ulowe kiasi gani na tui liwe zito vipi. Mtangazaji akamuuliza nani alimfunza.

"Mamangu. Nikizidisha hiliki alikuwa akinipiga na mwiko mkononi."

"Ulikuwa ufagio," Bi Zubeida akasema.

"Na bwana wako, Bi Saadiya," mtangazaji akaendelea, "anaupenda mkate huu?"

"Bwana wangu!" Sauti ikacheka. "Huyo ukimpa mkate, kwanza atauliza umeandikwa jina gani." Sebule ikaangua kicheko, Ayub akaangalia miguu yake. "Lakini kipande cha pembeni, kile kilichokauka kidogo, ndicho akipendacho. Humwekea kila nikipika, na watoto hawakigusi. Yeye adhani ni bahati tu kwamba hubaki."

Ayub akainua kichwa. Miaka yote hiyo alidhani ni bahati.

Sauti ikaisha. Watu wote wakamgeukia Bi Zubeida, kwa kuwa hakuna asiyelijua lile "Waliwa" lake. Mzee akatafuna kitu kisichokuwepo.

"Hukutaja kile cha mwisho," akasema. "Kile tutiacho kabla ya kufunika."

"Sikutaja, mama."

"Mbele ya watu wote wale, wakakuuliza, hukutaja."

"Ni cha nyumbani."

Bi Zubeida akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa binti yake, ule ule wa ufagio, akaubusu. "Wewe ni mpishi," akasema. Saadiya akakimbilia jikoni, akasingizia moshi.

Mkate ukaletwa, watu wakala. Kipande cha pembeni kikamfikia Ayub kwenye sahani yake, na mara hii alimtazama aliyekileta kabla ya kukitazama. Ndambuki akasema kuanzia leo shemeji ataitwa Mama Hakuna Maelezo, akakatazwa, naye akaahidi hataacha.

Mtu akaiwasha tena runinga. Wale wenye vifua vya mafuta walikuwa bado wapo. Ayub akaelekea kwenye kiti chake cha ukutani, lakini Bi Zubeida akamshika kanzu.

"Kaa hapa, baba. Mimi sioni. Hebu niambie, nani yuko chini?"

Ayub akatazama huku na huku. Laptopu ilikuwa mbali. Akakivuta kiti, akakigeuza, akaketi uso kwa uso na runinga.

"Yule mwenye kaptula nyekundu, mama," akasema baada ya kitambo. "Masikini, amekaliwa."

"Jina lake nani?"

"Sijui," Ayub akasema, akaegemea mbele. "Ngoja. Anaamka."