Wanawake Kumi na Wawili, Simu Moja

Dokta Chenge alipenda kusema kwamba mtafiti ndiye anayeujua utafiti wake, kwa hiyo mtafiti huyohuyo ndiye atengeneze mfumo wa kutunza taarifa zake. Uongozi ukamkubalia. Nadim, fundi wetu wa kompyuta pale Mwanza, aliomba walau wakae siku moja pamoja na Teodora, karani wa kuingiza taarifa. Akaambiwa asijisumbue. Jumamosi na Jumapili tu, mfumo ukawa tayari, una rangi za kupendeza na nembo inayozunguka. Hata leo nikiikumbuka ile nembo natamani kutema mate.

Mimi ni wa maabara. Dada Teodora nimefanya naye kazi miaka tisa. Anatoka Buzuruga kila asubuhi na chupa yake ya chai na kalamu tatu za rangi tofauti, na hajawahi kuchelewa. Enzi za fomu za karatasi alikuwa na tabia moja: akishaandika namba ya simu ya mgonjwa, anauliza, "Simu ni ya nani?" Kisha anaandika pembeni: ya mume, ya jirani, ya mwenye duka. Huo haukuwa umbea. Kwenye kambi za dagaa wanawake wengi hawana simu, hutoa namba ya mwenye kibanda, na ukipiga huitwa kwa sauti kutoka kwenye vichanja vya kuanikia dagaa.

Mfumo wa Dokta haukuwa na mahali pa kuandika pembeni. Na namba ya simu ndiyo aliyoifanya kitambulisho cha kila mwanamke, kwa sababu yeye ana simu mbili mfukoni na hakuwahi kuwaza kwamba kuna mtu hana hata moja.

Tulikuwa tunapima saratani ya mlango wa kizazi. Kambi moja karibu na Nansio walipimwa wanawake kumi na wawili. Majibu yalipotoka kwangu, Teodora akaanza kuyaingiza. Alipofika la pili tu, kompyuta ikamuuliza: "Mtu huyu yupo tayari. Ubadilishe taarifa zake?" Akainuka, akamfuata Dokta.

"Dokta, hawa ni watu tofauti. Wametumia simu moja, ya mama mwenye kibanda."

"Bonyeza ndiyo. Mfumo naujua mimi."

"Lakini Dokta..."

"Teodora, wewe ni karani au mtafiti?"

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, na najichukia kwa hilo. Akarudi kwenye kiti chake akabonyeza ndiyo, mara kumi na moja, na kila jibu jipya likafuta lililotangulia. Mwisho wa mwezi mfumo wenyewe ulituma ujumbe, mmoja kwa kila namba.

Miezi minane ikapita. Dokta akataka orodha ya kupeleka kwenye mkutano Arusha. Teodora alipoichapa, kambi nzima ilikuwa na mwanamke mmoja. Alikuja maabara anahema, tukafungua rejista yangu. Mstari wa saba: Modesta Mayala, mabadiliko mabaya, aitwe haraka.

Tulimpelekea Dokta. Hakuuliza Modesta ni nani. Aliuliza kama hao kumi na mmoja wataharibu asilimia zake, na kama jambo hili haliwezi kusubiri arudi kutoka Arusha. Nimeona mengi maabara, usaha na vinyesi vya kila aina, lakini kitu kichafu kama maswali yale sijawahi kukiona.

Kesho yake mimi na Teodora tulipanda meli ya Nansio. Kambini tulipokelewa na mama Evelina, mwenye kibanda, kwa vigelegele.

"Ninyi ndio wa vipimo? Mungu awabariki! Ujumbe wenu ninao mpaka leo."

Akatuonyesha. Dokta alikuwa ameondoa majina, eti kutunza siri za wagonjwa. *Majibu yako ni mazuri. Huna tatizo lolote.* Mama Evelina aliusoma kwa sauti, na wanawake wote kumi na wawili, kila mmoja akaupokea kuwa ni wake. Siku hiyo waliimba mpaka dagaa wakasahauliwa juani.

Modesta akaitwa. Alikuja polepole, amejishika nyonga, kanga mbili kiunoni na mashavu yamebonyea.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Unajisikiaje, mdogo wangu?"

Alisema damu inamtoka tangu Pasaka. "Ila sikuwa na wasiwasi. Ikizidi, nakwenda kwa mama Evelina ananisomea tena ule ujumbe."

Melini Teodora alikuwa amepanga maneno yote: mfumo, Dokta, zile simu mbili. Hakutumia hata moja. Alipiga magoti pale mchangani, akaishika mikono ya Modesta iliyojaa magamba ya dagaa.

"Ule ujumbe haukuwa wako," alisema. "Majibu yako niliyafuta mimi."