Siku ya Tisa kwenye Dimbwi la Mifupa

Ni kosa la watu wengi waliosoma, na anayesimulia habari hizi alikuwa miongoni mwao, kudhani kwamba wanawake wazee wa upande wa mji wa Përmet hujitosa kwenye chemchemi za maji moto kwa sababu hawajasoma kile kikaratasi kinachokunjwa ndani ya paketi ya vidonge vya presha. Polikseni alikuwa amekisoma. Alikisoma kwa miwani na kwa kidole, mstari kwa mstari, kama alivyosoma vipimo vya nguo enzi zake za ushonaji. Alipofika mahali palipoonya juu ya joto kali alikikunja vizuri, akakirudisha ndani ya paketi, akaitia paketi mkobani, na mkoba akaubeba mpaka kwenye maji moto.

"Karatasi haina magoti," alisema.

Yeye alikuwa nayo, na yote mawili yalikuwa yamechakaa kwa kukanyaga cherehani tangu usichana hadi ujane. Kwa hiyo kila mwaka, zabibu zikishachumwa, alipanga chumba nyumbani kwa Lefteri, katika kijiji kilicho juu ya mto, pamoja na shoga yake Dhurata. Asubuhi waliteremka wawili hao wakiwa wamevaa makoti juu ya kanzu zao za kuogea, taulo shingoni, wakikamatana mikono penye mawe yenye utelezi. Walipofika majini mmoja alifanya ishara ya msalaba, mwingine alisema bismillahi, na wote wakatanguliza mguu wa kulia.

Sheria ya maji yale ni ya zamani kuliko barabara. Dimbwi la tumbo ni la tumbo, la ngozi ni la ngozi, na lile lililo chini ya daraja la mawe ni la mifupa. Anayekuja kujitibu huoga kwa siku za witiri: tano, saba, au tisa kwa mwenye maumivu sugu. Akiishia kwenye shufwa, kama sita au nane, heri asingekuja kabisa, kwani maji humrudishia maumivu yote yaliyomwondolea, tena kwa hasira. Hakuna ajuaye nani aliitunga sheria hiyo. Hata wanaoicheka, ukiwafuatilia, utakuta waliondoka siku ya saba.

Dhurata ndiye aliyekuwa kadhi wa hesabu hizo. Alikuwa mwembamba, mkavu kama tawi la mzabibu, na bega lake la kulia lilikuwa limeharibika kwa kubeba vikapu vya zabibu. Hakuna aliyemteua, lakini dimbwi zima lilimwogopa. Siku moja mwanamume mwenye jeraha bichi mguuni alianza kuvua viatu.

"Wewe, kaka, hicho kidonda unakipeleka wapi?"

"Nakuja kukiosha, mama. Si ni dawa?"

"Ni dawa ya mifupa. Nenda kakifunge kwanza. Hatukuja hapa kupika supu."

Mtu yule alivaa viatu vyake na kuondoka, na wanawake walicheka mpaka maji yakatikisika.

Polikseni aliyapenda maji yale kuliko alivyoweza kumweleza daktari yeyote. Yalinuka yai lililooza, ni kweli, lakini baada ya muda pua husamehe. Alizama mpaka mabegani, mgongo umeegemea jiwe ambalo migongo ya watu ilikuwa imelilainisha, na magoti yakaacha kunung'unika, moja kisha lingine, kama watoto wanaopitiwa na usingizi. Juu yake mvuke ulilamba tao la daraja. Kando yake palikuwa na mkate wa mahindi, jibini la chumvi, na kokwa changa za jozi zilizopikwa kwa sukari, ambazo Dhurata alizigawa kwa uma mmoja. Humo majini habari za bonde zima zilisikika kabla hazijatokea.

Mwaka huo Polikseni alikuwa na habari yake mwenyewe. Mjukuu wake Evis alikuwa anaolewa Jumapili, siku ile ile ambayo siku zake tisa zingetimia. Katika nchi yao bibi wa bibi harusi huongoza mzunguko wa kwanza wa ngoma, leso ikiwa mkononi, na ukoo wote nyuma yake. Lakini bibi wa upande wa pili, Viktori wa mji wa Korça, alikuwa amepiga simu. Aliuliza hali, akasifu hali ya hewa, kisha akasema kwa sauti tamu: "Usijisumbue kabisa na magoti yako, mkwe wangu. Tumeshakuwekea kiti kizuri, chenye mto. Ngoma nitaiongoza mimi."

"Kiti," Polikseni aliliambia dimbwi. "Chenye mto."

"Labda alikuwa na nia njema," alisema mwanamke mmoja.

"Mwenye nia njema hataji mto," alijibu Dhurata.

Ndipo Polikseni alipoyakamia maji. Siku za mwanzo alikaa kiasi, kisha akaongeza, na kila jioni alijaribu hatua za ngoma kwenye baraza la Lefteri, akishika ukingo. Siku ya nane alijihisi msichana. Alikuwa amemeza kidonge chake, amekula jibini jingi, hajanywa maji hata tone, na alikuwa amekubali kikombe kidogo cha raki, pombe kali ya zabibu, kutoka kwa wanaume wa dimbwi la jirani. Alikaa mpaka ngozi ya vidole ikawa kama ya maharage yaliyolowekwa. Aliimba wimbo mzima wa kumtoa bibi harusi kwa baba yake. Kisha akainuka ghafla ili kuonyesha hatua ya kwanza.

Daraja likasogea. Mto ukanyamaza. Alipopata tena fahamu, kichwa chake kilikuwa mapajani mwa Dhurata, ambaye alikuwa amemdaka kwa ukosi wa kanzu kwa lile lile bega bovu.

"Nimefika wapi?" aliuliza Polikseni.

"Ulikuwa unakwenda mbali. Nimekukatia tiketi ya kurudi."

Gentjan, muuguzi wa zahanati ya kijiji, alikuja akiwa na kipimo chake cha presha. Alikuwa kijana mpole ambaye bibi yake mwenyewe alioga hapo, kwa hiyo hakudharau kitu. Alipima, akasubiri, akapima tena.

"Shangazi, maji hayana kosa," alisema. "Joto linafungua mishipa, kidonge kinaifungua, raki nayo inaifungua. Halafu wewe unainuka kama mtu aliyeitwa na askari. Damu yote inabaki miguuni. Ungeanguka kifudifudi ndani ya maji haya, tungekuwa tunaongea mengine."

"Kesho nitainuka polepole."

"Kesho huingii."

"Leo ni siku ya nane, mwanangu."

Gentjan alianza kukunja kipimo chake. Alijua maana ya kuishia kwenye shufwa. "Kesho huzami," alisema hatimaye, na akaenda zake akikuna kichwa.

Alasiri nzima Polikseni alilala kwenye baraza, kikombe cha chai ya milimani kando yake, akimtazama shoga yake akikunja taulo.

"Dhurata. Leo haikuwa siku. Si nilitolewa? Aliyetolewa hakutoka mwenyewe. Sema ilikuwa ya saba, tumalize."

"Uliingia kwa miguu yako, ulioga, hata wimbo uliimba. Tena vibaya. Siku ni siku."

"Wewe ndiye unayehesabu. Nani atakuuliza?"

"Siwezi kuyadanganya maji, Polikseni. Nikiwafanyia watu hesabu ya kupendelea, kesho nitakaa wapi?"

Polikseni aligeukia ukuta. Haikuwa presha iliyomsumbua wala aibu ya kudakwa kwa ukosi. Alikiona kile kiti. Aliuona na mto wake, mwekundu bila shaka, wenye vishada. Alimwona Evis akipita mbele yake katika mduara, akimpungia mkono kama anavyopungiwa mtu aliye dirishani hospitali. Alikuwa amemshonea mtoto huyo kila gauni tangu ubatizo, na sasa angemsindikiza akiwa amekaa.

Chai ilipoa kikombeni. Kisha Dhurata akaliweka taulo chini.

"Kilichokuja kutibiwa hapa ni nini?"

"Magoti. Unauliza nini?"

"Na kichwa?"

"Kichwa kina ubaya gani?"

"Hakina. Kilikuja kusindikiza tu." Dhurata alisema hivyo kwa uzito wa mtu anayetoa hukumu. "Magoti yakiingia, siku imetimia. Msindikizaji anaweza kusubiri nje."

Walimtuma Lefteri, mwenye nyumba, akamuulize Gentjan. Jibu lilirudi jioni pamoja na masharti: miguu tu mpaka juu kidogo ya magoti, baada ya kunywa maji ya kutosha, raki marufuku, muda usizidi ule wa kunywa kikombe kimoja cha chai, na mtu mzima awe anamshikilia wakati wote. "Wakati wote," Lefteri alirudia, "ndivyo alivyosema, mara mbili."

Asubuhi ya Jumapili Polikseni aliamka na kumkuta Dhurata ameketi kitandani pake, amekwisha kuvaa koti mpaka kifungo cha juu.

"Huogi?"

"Nimekwisha kuoga alfajiri, wewe ukikoroma. Twende."

Waliteremka. Dhurata aliketi kwenye jiwe nyuma ya Polikseni, akamzungushia mikono kiunoni, na Polikseni akaiteremsha miguu majini, wa kulia kwanza. Maji yaliyapokea magoti kama kawaida yao. Upepo wa mtoni ulikuwa wa baridi, na alisikia mgongoni mwake jinsi shoga yake alivyokuwa akitetemeka.

"Una baridi."

"Nina mzigo mikononi. Kunywa chai yako."

Kikombe kilikuwa hakijaisha vizuri pale honi ilipolia kutoka upande wa pili wa daraja. Mtoto wake Polikseni, baba yake Evis, alikuwa amekuja na gari kuwachukua wote wawili, amevaa suti na amepaniki. Polikseni alivuta pumzi, akahesabu kimoyomoyo, akageuka, akapiga magoti, akasimama kwa vituo kama treni ya zamani. Daraja lilibaki mahali pake.

Harusini kiti kilikuwapo kweli. Mto haukuwa mwekundu, ulikuwa wa kijani, lakini vishada vilikuwapo. Viktori, aliyejipamba kama madhabahu ya Pasaka, alimsalimia kwa mabusu manne na kumwelekeza huko kwa kiganja.

"Baadaye," alisema Polikseni.

Klarineti ilipolia alishika leso, akaiinua, akauvuta ukoo mzima nyuma yake. Hakucheza kama msichana. Alicheza kama fundi cherehani anayejua kitambaa kilichobaki ni kidogo, hatua fupi na safi, bila kupoteza hata moja. Alizunguka mduara mara moja. Alipokaribia kuanza wa pili aliusikia moyo ukibisha hodi, akakumbuka uso wa Gentjan, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akafanya kama alivyoambiwa. Alimkabidhi Viktori leso, akaenda kwa miguu yake mwenyewe mpaka kwenye kiti, akaketi, akanyoosha miguu.

"Mkwe wangu," alimwita Viktori aliyekuwa akipita, "umenitunzia mahali pazuri pa kukutazamia. Ongeza mwendo kidogo, ngoma inapoa."

Meza nzima iliangua kicheko, Viktori mwenyewe akiwamo. Dhurata, aliyeketi kwenye kona karibu na jiko, koti likiwa bado mwilini, alikunywa supu moto bakuli mbili. Aliinua kijiko kwa mkono wa kushoto.

Mwaka uliofuata, zabibu zilipokwisha kuchumwa, Polikseni alifika kijijini siku moja kabla ya shoga yake. Lefteri alikuwa akitandika vitanda, na katika kupiga soga akauliza kama bega la Dhurata lilipona, maana mwaka jana ilimsikitisha sana kumwona akiondoka vile.

"Vile vipi?" aliuliza Polikseni.

Lefteri alishangaa kwamba hajui. Alfajiri ya Jumapili ile, alisema, Dhurata hakutoka nje ya nyumba hata kidogo. Mlango ulikuwa na komeo, na ufunguo alikuwa nao yeye Lefteri. Alimkuta ameketi kando ya kitanda cha Polikseni, akisikiliza pumzi zake, na taulo alilolikunja jana yake lilikuwa pale pale, kavu. Dhurata, kadhi wa dimbwi zima, alikuwa amerudi nyumbani na siku nane.