Usiiname, Lusia

Gunvor Sandell alikuwa msusi, na msusi asiyeongea ni sawa na jiko lisilo na moto. Miezi kumi na moja ya mwaka aliwapasha wateja wake habari za mji mzima wa Kråkvik: nani kaoa, nani kaachwa, nani kajipaka rangi ya nywele mwenyewe akaharibu. Desemba ikiingia, kimya. Mkono unakata, macho yako dirishani, anatazama upepo unavyozipiga bendera za bandarini.

"Mama Blanketi kashaanza," wanawake walinong'onezana chini ya mashine za kukaushia nywele.

"Nichekeni tu," aliwajibu. "Siku mtakayolihitaji hilo blanketi hamtacheka."

Jina hilo alilipata kihalali. Kila tarehe kumi na tatu Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Lusia, msichana aliyechaguliwa kuwa Lusia wa Kråkvik alipita mjini kwenye gari la farasi, kanzu nyeupe, mkanda mwekundu kiunoni, taji la mishumaa saba inayowaka kichwani. Nyuma yake wasichana waliimba, na wavulana walivaa kofia ndefu za karatasi zenye nyota. Na kando ya gurudumu la kushoto alitembea Gunvor, amekumbatia blanketi la sufu lililoloweshwa maji. Theluji ianguke, barafu iteleze, yeye yupo. Maji yalimchuruzika mpaka ndani ya viatu. Wageni walidhani ni mama mwenye kichaa kidogo ambaye mji umeshamzoea. Kichaa! Laiti wangejua.

Gwaride lenyewe lilianza miaka ya thelathini, wakati wa ukata, wenye maduka walipoona Krismasi inakaribia na watu hawana hamu ya kununua hata kifungo. Gazeti la mji likachapisha picha za wasichana, wasomaji wakapiga kura, mshindi akavishwa taji, akapandishwa gari la mwuza bia na kuzungushwa kutoka bandarini mpaka uwanja wa soko. Hapo mwenyekiti wa halmashauri akamvika kidani cha fedha. Watu wakaimba, wakatokwa na machozi, na kesho yake wakanunua. Basi ikawa desturi, na watu wa Kråkvik ni wabishi, wakishika kitu hawaachii.

Mwaka wa arobaini na tisa walimchagua Barbro, dada yake Gunvor. Alikuwa na miaka kumi na saba na nywele zilizomfika kiunoni. Gunvor, mtoto wa miaka kumi na miwili, alisimama mstari wa mbele pale uwanjani na andazi la zafarani mkononi, anajivuna utadhani yeye ndiye aliyevaa taji. Mwenyekiti wa siku hizo alikuwa mtu mfupi. Akainua kidani, mikono haikufika. Barbro, mtoto aliyelelewa akaleleka, akainamisha kichwa kumsaidia mzee wa watu.

Ni hilo tu. Alimwinamia mtu mzima kwa heshima. Mshumaa wa mbele ukalala, majani yaliyozungushiwa taji yakashika moto, kisha nywele. Gunvor alisikia kabla ya kuona, mlio kama wa karatasi inayokunjwa, halafu ikaja harufu. Mpakuzi mmoja wa samaki alimfunika Barbro kichwa kwa koti lake lililolowa maji ya bahari, na koti hilo ndilo lililomwacha hai.

Kulikuwa na waliotaka gwaride lifutwe. Mama yao, mfanyakazi wa kiwanda cha samaki, hakusema kitu mkutanoni. Siku ya Lusia ilipofika tena alilikokota kreti la samaki kutoka gatini mpaka uwanjani, akalibwaga mbele ya mwenyekiti, akasema neno moja: "Panda." Mwenyekiti akapanda. Kisha mama akamgeukia Gunvor, akamtwika blanketi bichi. "Na wewe utatembea naye. Usimwache."

Tangu hapo kila mwenyekiti alipanda kreti, hata yule aliyekuwa mrefu kama nguzo ya simu. Watu walicheka, gazeti likapiga picha, vijana wakadhani ni mzaha wa mji wao. Waliojua hawakusema, kwa sababu Barbro alikuwepo, anawauzia stempu pale posta, kitambaa kichwani kiangazi na baridi.

Na dada hao wawili nao hawakusema. Kila Jumapili walikunywa kahawa pamoja, wakabishana kuhusu kila kitu isipokuwa hicho. Siku ya Lusia Barbro alishusha mapazia akafungulia redio kwa sauti ya juu. Gunvor alishika vichwa vyote vya Kråkvik, cha mchungaji, cha polisi, hata vya marehemu kabla ya jeneza kufungwa, lakini kichwa cha dada yake hakukigusa. Aliwahi kujaribu, zamani. "Dada, njoo nikuoshe nywele tu." Barbro alimtazama mpaka maneno yakamfia mdomoni. Hakurudia.

Basi Novemba moja Tuva akaingia saluni anahema, theluji imejaa mabegani. Tuva ni mjukuu wa Barbro, ana umri ule ule na nywele zile zile.

"Bibi mdogo! Nimeshinda! Mimi ndiye Lusia!"

Mkasi ukamponyoka Gunvor, ukaanguka sakafuni.

"Nani kakutia kwenye mambo hayo?"

"Nimejitia mwenyewe. Jamani, hata hongera hunipi?"

"Hongera. Bibi yako anajua?"

"Nilimwambia jana, alikuwa anamenya viazi. Kasema, 'Kumbe wamekupata na wewe,' akaendelea kumenya."

Tangu siku hiyo usingizi ulimhama Gunvor. Mfuko wa mkate ukikunjwa dukani, moyo unamlipuka. Mtu akisokota gazeti nyuma yake, anageuka na mikono juu. Nyumbani kwake hapakuwa na mshumaa hata mmoja, lakini aliisikia harufu ya nta kwenye mto, kwenye chai, kwenye nywele za wateja. Alikwenda kuiomba kamati mishumaa ya betri, kama ile iliyokwisha kukubaliwa na miji mingine.

"Betri, Gunvor?" wakacheka. "Tumfunge mtoto tochi kichwani? Miaka yote hii kimetokea nini?"

Alifumbua mdomo. Kusema ni kumvua dada yake kitambaa mbele za watu. Akaufumba. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, ndivyo wasemavyo, na wale vijana wa kamati walimtazama kwa huruma hiyo hiyo, kana kwamba anachokiogopa ni ung'ongo. Yeye nyoka alimwona kwa macho.

Jumapili akajikaza, akamwendea Barbro, ambaye tangu avunjike nyonga msimu wa mapukutiko alikuwa kwenye kiti cha magurudumu.

"Mkataze, dada."

"Nimkataze kwa sababu gani?"

"Unaijua."

Barbro alikoroga kahawa kwa muda mrefu, na wala hakuwa ametia sukari. "Kunywa," alisema. "Inapoa."

Siku ikafika na upepo wa bahari. Gunvor alimkalisha Tuva kwenye kiti chake saluni, akamsuka nywele na kuzibana chini kabisa ya kisogo, akamwekea kitambaa cha kitani kilicholowa utosini, juu yake taji, akalifunga kwa utepe. Katika kukaza akamchoma mtoto kwa kibanio.

"Aa! Bibi mdogo, utaniua kabla ya mshumaa."

"Usinitanie! Nisikilize. Leo shingo si yako. Ukiitwa, usigeuke. Nta ikikudondokea, usijikune. Wakikuonyesha hata malaika, usiiname. Umenisikia?"

"Nimekusikia. Kwani kuna nini?" Tuva alikuwa anatabasamu kama mtu mwenye siri. "Leo utaona jambo."

Gunvor hakutaka kuona jambo lolote. Aliiwasha mishumaa yeye mwenyewe, mmoja mmoja, akanyanyua blanketi kutoka kwenye ndoo.

Njia nzima ile alitembea ameinua uso, hatazami anapokanyaga. Walipopita pembe ya benki upepo ukaingia kutoka kando, ndimi zote saba zikalala upande mmoja kuelekea majani. Gunvor akashika ukingo wa gari, mguu tayari hewani. Zikasimama tena. Watu walishangilia, watoto walirushiana theluji, na yeye jasho lilimtiririka ndani ya koti. Mungu wangu, alisema moyoni, nifikishe uwanjani. Nifikishe tu kwenye kreti.

Wakafika. Jukwaa lilikuwa limepambwa, taa zinawaka, na mwenyekiti wa halmashauri amesimama na vipaza sauti vyake. Lakini kidani hakuwa nacho. Mwenyekiti alisogea kando huku anapiga makofi, na nyuma yake, kwenye kiti cha magurudumu, blanketi la mistari magotini na kitambaa kichwani, alikuwa amekaa Barbro. Kidani kilikuwa mapajani mwake.

Ndiyo hiyo siri ya Tuva. Alikuwa amewaomba wakubwa bibi yake amvike, bibi mwenyewe akakubali, na wakubwa wakaona jambo zuri sana la gazetini. Na kwa kuwa kiti kilihitaji nafasi, mtu mwenye akili zake alikuwa amelisukuma kreti mpaka nyuma ya spika. La nini leo? Mvishaji si amekaa!

Mtu aliyekaa kitini ni mfupi kuliko mwenyekiti yeyote aliyewahi kuzaliwa Kråkvik. Tuva alikuwa ameshashuka garini, anapanda ngazi za jukwaa, machozi yanang'aa mashavuni, na machozi yalimsahaulisha yote aliyoambiwa. Alimwona bibi yake tu. Alifungua mikono. Gunvor alitaka kupiga kelele, lakini akimwita, mtoto atageuka, na akigeuka, moto. Akaanza kupanda ngazi na lile blanketi. Shingo ya Tuva ilianza kuja mbele. Mshumaa wa mbele ukaanza kulala.

"Simama wima!"

Ilikuwa sauti ya posta, ile iliyowanyoosha watu kwenye foleni miaka thelathini. Tuva akasimama kama askari. Bendi ikanyamaza katikati ya wimbo.

"Usiniinamie," Barbro akasema. "Usimwinamie mtu yeyote ukiwa na moto kichwani. Gunvor! Kreti!"

Gunvor alilitupa blanketi. Tangu alipotwikwa na mama yake hakuwahi kuliachia barabarani, na sasa lilianguka puu mbele ya mji mzima. Akaliburuta kreti, akaliweka. Barbro akakichukua kidani mapajani, akajishika kwenye mkono wa kiti, akajiinua, uso umekunjamana kwa maumivu.

"Dada, nyonga yako..."

"Nyonga yangu iache. Nishike kiuno. Nguvu! Unanishika kama yai."

Alipanda. Akiwa juu, joto la mishumaa likampiga usoni, na Gunvor, aliyemkumbatia kwa nyuma, akausikia mwili wa dada yake ukitetemeka wote, kuanzia magotini. Barbro naye aliogopa! Muda wote huo Gunvor alidhani hofu ile ni yake peke yake.

"Hiki ni cha nailoni, kinashika moto upesi," Barbro alisema taratibu, karibu kwa kujiambia. Akakifungua kitambaa, akakivua, akampa mwenyekiti amshikie.

Taa zilimmulika upande wa kushoto, pale ambapo nywele hazikuota tena na ngozi ilikunjamana na kung'aa. Wazee wakatazama chini. Vijana walilitazama kovu, wakalitazama kreti, wakaitazama mishumaa, na ungeweza kuona kwenye nyuso zao ule mzaha wa mji ukifa.

Barbro akaingiza mikono nyuma ya shingo ya mjukuu wake, kichwa chake karibu na ndimi za moto, na ile kulabu ndogo ya kidani ikamkatalia. Akajaribu tena. Nta ilidondoka, ikamwangukia kichwani, tone baada ya tone. Hakukwepa. Kulabu ikashika.

"Haya," alimwambia Tuva. "Sasa umependeza. Nenda kaimbe."

Jioni ile ile, mishumaa ilipokwisha kuzimwa na Tuva amekwenda kula maandazi na wenzake, Gunvor alikuwa peke yake saluni anaosha ndoo. Mlango ukagongwa kwa gurudumu. Barbro akajisukuma ndani, kichwa wazi, akakisimamisha kiti mbele ya kioo.

"Wamenikimbilia wote kunipa pole," alinung'unika. "Miaka karibu hamsini imepita ndiyo wananipa pole."

"Nikuletee kahawa?"

"Sijaja kunywa kahawa. Nta imenikauka kichwani, siwezi kulala nayo. Inatolewaje?"

"Kwa mafuta ya uvuguvugu," Gunvor alisema. "Na kitana chenye meno mapana. Taratibu. Haiumi."

"Kila mtu husema haiumi."

Gunvor alipasha mafuta, akayajaribu kwenye kifundo cha mkono mara mbili, mara tatu. Akasimama nyuma ya dada yake na kitana, asijue aanzie wapi.

"Mbona umesimama kama mlingoti? Hukifikii?" Barbro akasema. Akajivuta mbele kidogo kwenye kiti, akafumba macho, akamwinamishia kichwa.