Somo la Uvuvi Nililolifundisha Vizuri Mno

Mwaka wa 2012 nilikuwa mwalimu wa jiografia Lodwar, na nilitaka kuondoka. Binti yangu mdogo aliishi na mama yangu Kakamega. Uhamisho haukupatikana mpaka umpate mwalimu wa somo lako akubali mbadilishane vituo, na nani angekubali kuja kwenye ukame wa Lodwar? Nilitafuta hadi nikachoka. Niliishi kama mtu aliyefungiwa chumbani, ufunguo ukiwa mfukoni mwa mtu nisiyemjua.

Hatimaye akatokea mmoja aliyechoshwa na mvua za kwetu Kakamega. Alisema atakuja kwanza aione shule. Sikungoja, nilimpigia binti yangu nikamwambia narudi.

Nikajiandaa kana kwamba mkaguzi anakuja. Kidato cha nne tulikuwa tumefikia nchi zinazoongoza kwa uvuvi baharini, nami nikaenda Kakuma, kwa mama mmoja wa Sudan Kusini aliyeuza vyakula vya mikebe katika kambi ya wakimbizi.

"Mwalimu, samaki yote hii unakula peke yako?"

"Ni ya kufundishia."

"Ai! Basi chukua na hii ya Moroko, watoto itaonja."

Siku ya somo, yule mwalimu mgeni akaketi nyuma ya darasa. Wanafunzi walizunguka ramani ya dunia niliyoitandaza mezani, wakiweka kila mkebe mahali ulikotoka.

"Nani anaongoza?"

"China, madam!"

Wakafuata na Indonesia, kisha Peru. Peru haikuwa na mkebe. Niliwaeleza kwamba dagaa wa huko, anchoveta, huvuliwa kwa wingi kuliko samaki wengine, lakini wengi wao husagwa wakawa chakula cha mifugo. Msichana mmoja wa Lorugum akasimama, amekunja uso.

"Madam, yaani mbuzi ya huko inakula samaki?"

Darasa likaangua kicheko. Nilipojibu kwamba ni kuku, nguruwe, hata samaki wa kufugwa, ubishi ukazuka ambao kengele haikuuzima. Mgeni alicheka mpaka akajifuta machozi. Moyoni nilikuwa nimeshafunga mizigo.

Nje akanishika mkono. "Mwalimu, hongera. Lakini mimi hapa siji. Watoto hawa nikiwaingilia na chaki yangu tu, watanila mbichi. Hapa ni pako."

Kilemba cha ukoka hicho! Nilitamani kumrushia mkebe. Ningewaacha wapige kelele, ningesoma kitabu kwa sauti ya usingizi, angetia sahihi siku ile ile. Mwalimu mkuu naye, aliyekuwa akisikiliza dirishani, akaniongezea kidato cha tatu.

Jioni nilimpigia binti yangu nikamwambia yule mwalimu amekataa. Akasema alikuwa ameshamhamishia nyanya kwenye kochi ili nipate pa kulala kando yake.

"Sasa nimwambie arudi kitandani?"

Nikamwambia ndiyo, mwambie arudi.