Norma, Ng'ombe wa Duane

Verlyn Tollefsrud alifuga ng'ombe wa maziwa kama baba yake na babu yake, katika kaunti moja ya Wisconsin, Marekani, ambako mtu hutambuliwa kwa gari lake kabla ya uso. Kukamua alijua, lakini alichokijua zaidi ni kuwasema wanaopokea pesa za serikali. Kila asubuhi, kwenye kinu cha chakula cha mifugo, wanaume walirusha dado kuamua nani alipie kahawa. Aliyeshindwa alitaniwa na Verlyn.

"Usilie, bwana. Waandikie Washington, watakulipia."

Korona ilipoingia, shule na mikahawa ikafungwa, na maziwa yakakosa pa kwenda. Dereva wa lori la maziwa akawaambia wafugaji wayamwage. Verlyn aliyamwaga kwenye shimo la samadi, akaondoka bila kugeuka nyuma. Kijiwe nacho kikahamia uani, kila mtu na kiti chake cha kukunja, wakiachiana nafasi, ila ulimi wa Verlyn haukuvaa barakoa. Fidia ya serikali kwa wakulima ilipotangazwa, alitema chini.

"Mimi? Nife njaa kwanza! Ombaomba mwenye trekta ni ombaomba tu."

Duane Haugstad, jirani yake tangu utotoni, alicheka kuliko wote. "Hata mimi siigusi," akasema. Duane alikuwa mtu wa kuamini alichoambiwa, na hasa akiambiwa na Verlyn.

Nyumbani, Arlys hakumchekea mumewe. "Sifa hazilipi umeme. Mficha uchi hazai, Verlyn. Chukua hizo pesa, au niambie ng'ombe wanauzwa lini."

Akazichukua. Ofisi ya kilimo ilikuwa imefungwa kwa sababu ya ugonjwa, nje pamewekwa sanduku la kuachia karatasi. Alikwenda na gari la Arlys, kofia ameishusha mpaka puani, akatumbukiza bahasha yake na kuondoka mbio kama mwizi wa kuku. Juni pesa zikaingia, ng'ombe wakabaki. Kijiweni aliendelea na utani wake uleule, maana angenyamaza wangemshtukia.

Septemba Duane alipiga mnada ng'ombe wake wote. Majirani walikuja kusaidia kuwapakia, akina mama wa kanisa wakaleta pai, kama ilivyo desturi. Watu walikula wakiongea habari za mvua. Verlyn alipandisha bei mpaka akampata Norma, ng'ombe ambaye Duane alimpenda waziwazi. Duane akamleta mwenyewe, kamba mkononi.

"Nafurahi anakwenda kwako," akasema. "Tumebanwa, lakini angalau mimi na wewe hatukula cha bure."

Verlyn alivua kofia.

"Mimi nilichukua, Duane."

"Lini?"

"Juni."

Duane alitazama banda lake, mlango wazi, ndani hamna kitu.

"Juni," akasema. "Juni nilikuwa bado sijampigia dalali simu ya mnada."

Hakumtukana. Verlyn angeona nafuu kama angetukanwa. Duane alimkabidhi kamba, akamwambia kwamba Norma hupiga teke akishikwa na mikono ya baridi, kwa hiyo aipashe moto kwanza. Kisha akaenda kuwasaidia wengine kupakia ng'ombe waliobaki uani.