Pistoni ya Nne

Owor wa Nagongera alikuwa na imani moja tu: chuma kilichogoma hakipigwi, kinabembelezwa. Makanisa yalimpita, vyama vya siasa vilimpita, wake wawili walimpita pia, mmoja akiwa amebeba spana zake. Imani hiyo aliipata ujanani katika karakana ya Mhindi mmoja pale Tororo, na mpaka leo, akiwa na miaka sabini na kitu, hajaona sababu ya kuibadili.

Kipimo chake hakimo katika kitabu chochote. Unachanganya mafuta ya giaboksi na mafuta ya taa, unamimina juu ya pistoni zilizoshikwa na kutu, kisha unakwenda kukaa kwenye mtungi wa malwa, ile pombe ya ulezi inyonywayo kwa mirija mirefu. Mtungi ukiisha, unajaribu kuzungusha injini mara moja. Ikikataa, unamimina tena, unakaa tena. Zamani mafundi wanane waliuzunguka mtungi, wakitukanana kwa heshima. Siku hizi wanne wamekufa na watatu wameokoka, jambo ambalo Owor aliliona kuwa kifo kibaya zaidi, maana halina hata matanga. Amebaki yeye na mrija wake, katikati ya kizazi kinachotaka kila kitu kifunguke kwa kuguswa na kidole.

Jumatatu moja Mujib, mwenye malori kule Busia, alimletea Pijo 404, gari la marehemu baba yake. Ilikuwa imelala miaka ishirini na sita, kuku wakitagia kiti cha nyuma.

"Nataka iwake, Mzee. Nakupa mpaka Jumamosi. Ikishindikana, Kevo ataniwekea injini ya Toyota, na hii itakwenda kwa wanunuzi wa vyuma."

Owor alipangusa vumbi ubavuni mwa injini, akaona mkwaruzo wa patasi. Ulikuwa wake. Injini hii aliifunga yeye mwenyewe, na zote nyingine alizowahi kufunga zilikwisha kuyeyushwa zikawa sufuria. Hakumwambia Mujib. Watu wenye malori hawaambiwi mambo kama hayo.

Aliishusha giaboksi ili aifikie flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, na akaondoa kichwa cha injini ili aweze kumimina mafuta yake. Kufikia Alhamisi, mafuta yalikuwa yanapenya na kupungua juu ya pistoni tatu. Ya nne iliyashika vilevile kama kikombe cha chai cha mtu aliyenuna.

Jumamosi asubuhi Kevo, fundi wa upande wa Kenya, alifika na lori, kofia ikitazama nyuma. Mujib alikuwa naye.

"Buda, bado unailisha mafuta? Hii tunavuta na gia ikiwa ndani, magurudumu yazungushe injini. Dakika mbili imeachia."

"Vuta," alisema Owor, akirudisha mrija mdomoni.

Mujib aliingia katika Pijo, akasukuma mkono wa gia ulio kando ya usukani. Lori likavuta. Pijo ikafuata kwa upole, kama mbuzi anayepelekwa kwa mchumba.

"Si nilikushow?" Kevo aliruka chini, akachungulia. Pistoni zilikuwa palepale. "Weka gia ya tatu!" Wakazunguka tena uwanja. Palepale. Wakazunguka mara ya tatu.

"Kevo, mtoto wangu," Owor aliita, "wewe navuta nini? Giaboksi iko kwangu, chini ya kitanda."

Annet, mwuza malwa, alicheka mpaka akamwaga birika. Kevo alifungua kamba, akaondoka na lori lake.

"Mzee, mbona hukusema?" Mujib alifoka.

"Nani naniuliza? Wewe nakuja na lori, hapana na swali."

Mujib aliketi, kofia yake ya swala kichwani, soda mkononi, macho yakiukwepa mtungi. "Basi, mtungi huu ukiisha ndiyo mwisho. Wallahi namwita wa vyuma."

Asichojua Mwislamu huyu ni kwamba mtungi wa malwa huongezwa maji ya moto. Kila alipogeuka kupokea simu, Annet aliinamisha birika. Saa sita, saa nane, mtungi umejaa. Kufikia saa kumi pombe ile ilikuwa na ladha ya maji ya kuoshea miguu, na Owor aliinyonya kama dawa, jasho likimtoka.

"Huu mtungi una mwisho kweli?" Mujib aliuliza.

"Nakaribia, Hajji. Kaa."

Kisha Owor akainuka kwenda kutazama. Mafuta juu ya pistoni ya nne yalikuwa yameshuka upana wa ukucha.

Akaingiza mtaimbo katika meno ya flaiwili, akaegemea taratibu. Injini ikalia kidogo, sauti ya mlango wa ghala. Pistoni ikasogea.

"Imekubali! Sukuma, Mzee, sukuma!"

"Nyamaza. Sasa narudi nyuma kwanza."

Akarudisha. Akasukuma mbele zaidi kidogo, akarudisha tena. Mujib alivua saa, akakunja mikono ya kanzu, akaushika mtaimbo karibu na mikono ya mzee. Simu yake ikaita, ikaita tena. Aliyepiga alikuwa Kevo.

"Mwambie auze Toyota yake," alisema Owor, "halafu egemea upande wako. Polepole."